Saini Yangu kwenye Nyumba ya Bi Zuwena

Enhee! Nyie madereva, nyie wa mafaili, na nyie mnaojifanya mna kazi lakini masikio yote mmeyaleta huku: vuteni viti, zimeni hizo simu, mtu hastaafu kila Jumatano. Mmeniambia, "Ami Seif, utuachie maneno kabla hujaondoka." Haya, nakuachieni. Huyu Bi Asma wa mafaili ataandika na mie nitasema, kwa sababu mie shule nimesoma siku tatu, na mbili katika hizo nilikuwa naumwa. Bi Asma, usinipambe. Niandike nilivyo.

Mambo ya mshahara na vyeo sikwambieni. Vyeo sina. Nimeingia kampuni hii nimekaa kwenye kiti cha dereva, natoka nimekaa kwenye kiti kile kile. Tofauti ni tumbo tu, siku hizi linashika usukani peke yake.

Nilianza miaka ya tisini, mwanzo mwanzo. Kampuni ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa kule Matrah, ukifungua dirisha unaiona bandari nzima. Siku ya kwanza meneja akaniuliza, "Njia za Maskati unazijua?" Nikamjibu, "Njia zenyewe ndizo zinazonijua mie." Saa ile ile akanipa barua niipeleke Ruwi. Sasa Ruwi na Matrah ni hapa na hapa, mtu anafika hajamaliza kupiga mwayo. Mie nilirudi alaasiri. Nilikuwa nimeshafika Sib, mbali huko, nimeshakula cha mchana kwa watu nisiowajua, na barua bado iko mfukoni. Meneja akatazama saa, akanitazama mie, akasema, "Mpeni Maalim Khalfan. Yeye ana subira."

Maalim Khalfan ndiye aliyekuwa mkaguzi wa nyumba. Mtu wa Unguja kama mie, mrefu, mwembamba, kanzu yake nyeupe mpaka vumbi lilikuwa likimwona linapita upande wa pili wa barabara. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki ya kwanza nikamuuliza, "Maalim, hii kampuni yetu inauza nini? Mbona sioni mzigo?"

"Inauza dhamana," akanambia.

"Ndio nini?"

"Mtu anataka nyumba, pesa hana. Anakwenda benki. Benki anamtazama, anamwona mtu mzuri, lakini moyo unamdunda: huyu akishindwa kulipa je? Basi sisi tunamwambia benki, mkopeshe, akishindwa njoo ulie kwetu. Benki anatulipa kila mwaka kwa maneno hayo tu."

"Na wakishindwa wengi kwa mpigo?"

Maalim akakunja vizuri mikono ya kanzu yake. Khalafu akasema, "Hapo, Seif, na sisi tutatafuta wa kumlilia."

Wallahi, tangu siku hiyo nimewaona watu wakija na digrii zao, wakieleza khatari za kampuni hii saa tatu nzima na michoro ukutani. Hakuna aliyeongeza neno juu ya yale ya Maalim.

Vifaa vyetu vilikuwa vitatu: futi ya chuma, tochi, na dele la kahawa. Dele ndilo lililokuwa likifanya kazi kuliko vyote. Futi usiniulize. Mwezi wa Julai, jua la Maskati, chuma kinavutika. Tulipima sebule moja kule Al Khuwair asubuhi ikawa mita tano, tukaipima tena adhuhuri ikawa nne na robo tatu, kwa sababu futi ilikuwa imeshakuwa ndefu kwa joto. Mwenye nyumba akataka kutushitaki kwamba tumemwibia robo mita. Mnacheka? Mwulizeni Maalim. Ah, Maalim keshatangulia, Mungu amrehemu. Basi niaminini mie.

Lakini Maalim hakuwa akiiamini sana futi. Yeye alikuwa akisoma nyumba. Anafika mlangoni anahesabu viatu. Anatazama kamba ya nguo: nguo za watoto zipo? Anaomba maji ya kunywa, si kiu, anataka kujua gilasi itatoka jikoni kwa muda gani. "Nyumba yenye watu," akisema, "gilasi inatoka kabla hujakaa." Na kando ya ukuta akiona mtu kapanda mndimu, hata kama mti wenyewe haujafika magotini, anafunga faili. Aliyepanda ndimu, kwa Maalim, alikuwa mtu wa kudhaminiwa.

Nyumba ya Bi Zuwena kule Ansab tuliisoma hivyo. Bi Zuwena ni mjane, namjua tangu mumewe yu hai, mshona kofia, zile za mkono, vitundu vidogo vidogo mpaka macho yanauma ukizitazama. Gilasi ilitoka kabla Maalim hajasema anataka maji. Akapata mkopo wake, sisi tukaweka dhamana yetu, akahamia yeye na mwanawe na wajukuu. Hiyo ndiyo nyumba ambayo baadae karibu niiuze kwa mkono wangu huu. Subirini, tunafika.

Sasa nyie mnajua kila mwaka kuna ripoti. Wakurugenzi wanakaa, hesabu zinasomwa, kampuni imepata, kampuni imekosa. Mie ripoti hiyo sikuweza kuisoma, lakini nilikuwa nikiisoma kwa sahani. Mwaka wa faida, wageni wanapewa halua ya zafarani, lozi zimejaa juu kama kokoto. Mwaka wa wastani, halua bila ya lozi. Mwaka mmoja walitoa biskuti. Mie nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Punguza nyama, kampuni inaumwa."

Mwaka wa biskuti ulikuwa ule mafuta yalipoanguka bei, mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Makontrakta hawalipwi na serikali, wafanya kazi hawalipwi na makontrakta, benki halipwi na mtu, na kila benki anakuja kulia kwetu. Tulikuwa na kilio mpaka kwenye ngazi. Ndipo kampuni ikamleta Bwana Odhiambo.

Huyu alikuwa Mkenya, kijana msomi, tai yake imebana mpaka sauti inatoka kwa zamu. Kazi yake ilikuwa kupima khatari: nani katika wadaiwa atalipa na nani hatalipa, ili ripoti ya mwaka iseme kweli. Mtu muaminifu, nakwambieni, hakuwahi kutumia gari ya kazi hata kwenda kanisani. Lakini alikuwa na miezi miwili tu Maskati. Na mwaka wetu wa hesabu wakati ule ulikuwa ukimalizika mwezi wa Julai. Sijui nani aliyeupanga hivyo. Lazima alikuwa mtu asiyekula tende.

Basi Julai ile ofisi nusu tupu. Maalim likizo, meneja likizo, yule wa barua likizo. Bwana Odhiambo akachukua orodha ya watu waliochelewa kulipa miezi mitatu na zaidi, akanambia, "Mzee Seif, twende tuone hizi nyumba na macho yetu."

Tukenda Ansab. Nyumba ya kwanza.

"Bisha, Mzee."

Nikapiga hodi. Kimya.

"Kuna mtu?"

"Hakuna."

Akatazama mita ya umeme, haizunguki. Akasikiliza kiyoyozi, kimya. Akapitisha kidole juu ya geti, vumbi. Akaandika kwenye karatasi yake ya Kiingereza. "Weka sahihi hapa, Mzee. Wewe ndio shahidi."

Mie jina langu nalijua kuliandika, ndilo neno langu pekee, na hata hilo linapinda kulia kama gari iliyopasuka tairi. Nikaandika. Nyumba ya pili, hodi, hakuna, vumbi, saini. Ya tatu hivyo hivyo. Ya tano ilikuwa ya Bi Zuwena. "Kuna mtu?" "Hakuna." Na kweli hakukuwa na mtu! Nikasaini. Siku ile nilisaini kuliko waziri. Nilirudi nyumbani mkono unaniuma, nikamdai mke wangu aukande.

Wiki mbili zikapita. Jumapili moja asubuhi Bwana Odhiambo ananipa gundi na bahasha. "Twende tubandike notisi. Wakurugenzi wanakutana kesho saa tatu." Tukenda moja kwa moja kwa Bi Zuwena. Nimeshapaka gundi, nimeshaibandika karatasi getini, ndipo nikaona ina muhuri mwekundu. Mie muhuri mwekundu siupendi tangu utotoni. Nikamuuliza, "Bwana Odhiambo, hili linasema nini?"

"Linasema mwenye nyumba amehepa na deni, nyumba imeachwa. Kampuni inalipa benki, halafu nyumba inauzwa. Hii ndio ya kwanza kuuzwa, buyer ameshapatikana. Wakurugenzi wakipitisha kesho, imeisha."

"Nani kahepa?"

"Huyu mama."

"Nani kasema?"

"Si wewe?" Akafungua faili, akanionyesha. Jina langu lile, linapinda kulia.

Jamani, mie nimewahi kugongana na ngamia kule njia ya Sur, ngamia akaondoka na mlango wa gari shingoni. Lakini sikushtuka kama nilivyoshtuka pale.

"Kahepa wapi, yakhe! Bi Zuwena yuko Rustaki, anachuma tende!"

"Tende?"

"Kaidhi hii! Msimu wa tende! Maskati nzima iko shamba. Mtu anafunga nyumba, anazima umeme, anachukua watoto, anakwenda kwao mpaka tende ziingie ndani."

Akanitazama. "Na zile nyumba zingine?"

"Nizwa. Samail. Rustaki. Yule wa geti la kijani yuko Nakhal, mkewe kajifungulia huko huko."

Bwana Odhiambo akakaa chini, pale pale kizingitini, juani. Na kizingiti kile ungeweza kukaangia mayai, mie niliisikia suruali inachachatika. Akalifunga faili. Khalafu akasema, polepole, "Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama wapo. Hukuniuliza wako wapi."

Msimcheke. Kwao mtu akifunga mlango, mita ikasimama, vumbi likajaa, basi kahama kweli. Na mie ndiye nilokuwa nikijua, na nimesaini. Kosa tuligawana, na kama ni haki langu lilikuwa na nyama zaidi.

"Piga simu," nikamwambia, "waambie wangoje."

"Wangoje nini? Ripoti nimeandika mimi. Nikisema tu kwamba nimekosea, watafikiri nimehongwa. Lazima wamwone huyu mama mwenyewe, na macho yao, kabla hawajaweka sahihi. Huko shambani kuna simu?"

"Shambani kuna mbuzi."

Akaibandua ile notisi na kucha zake. "Washa gari."

Rustaki ni masaa mawili. Mie nilikwenda kwa saa moja na dakika kumi, na katika hizo kumi tulisimama kwa kahawa. Bwana Odhiambo njia nzima kashika mkanda kwa mikono miwili, anasali Kijaluo.

Tulimkuta Bi Zuwena mbele ya sufuria la shaba, kubwa hilo, unaweza kuogesha ngamia na mtoto wake. Anachemsha tende za mabsali, zile zinazochemshwa zikiwa bado ngumu khalafu zinaanikwa juani. Mkononi ana mwiko mrefu kama kasia, uso mwekundu kwa moto, mwanawe yuko juu ya mtende anateremsha vichala.

"We Seif!" akasema. "Umekujaje huku? Na huyu nani umemvalisha tai shamba?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, na saini nikamwambia ni yangu. Akasikiliza, anakoroga. Nilipofika kwenye neno kuuzwa, mwiko ukasimama.

"Nyumba yangu iuzwe?"

"Kesho saa tatu, Bi Zuwena, kama hukuja kusema uko."

Akakaa juu ya kanda la tende. Mwanamke yule mie sijamwona akilia, hata mumewe alipozikwa, na siku ile hakulia. Alitazama mikono yake tu. "Nyumba ile," akasema, "nimeishona mie. Kofia kwa kofia. Kontrakta wa mwanangu hajamlipa tangu Machi, na bado sikukwambieni sitalipa. Nilisema ngojeni tende." Akamgeukia Odhiambo. "Baba, mimi nitoroke? Na magoti haya?"

"Mama, nisamehe," akasema. "Ni mimi nimekosea. Twende sasa hivi, tafadhali."

"Siendi."

"Bi Zuwena!" mie nikapiga ukelele.

"Tende ziko motoni! Nikiziacha zinaungua, na hizi tende ndizo hizo pesa mnazonidai. Mnanitaka mie tu, au mnataka na cha kulipia? Kama mnataka vyote viwili, ingieni kazini."

Basi vijana, mnamwona mkuu wa khatari wa kampuni anavua tai, anaitundika kwenye mtende, anakunja mikono ya shati. Bi Zuwena akamuuliza, "Wewe kazi yako hasa ni nini, baba?"

"Mhasibu, mama."

"Vizuri. Hesabu yale makanda. Lakini kwa mgongo."

Akayahesabu kwa mgongo, mpaka magharibi. Mie nilikuwa nikichochea moto, nikachochea mpaka nyusi zangu zikaungua, na mpaka leo hii ya kushoto inaota kwa kusitasita. Mtoto wa watu yule hakulalamika hata mara moja. Alipomaliza alikaa kwenye falaji, mfereji wa maji wa shamba, na miguu majini, shati limekuwa rangi ya asali, anakula tende moja moja, akaniambia, "Mzee, hakuna mtu aliniambia kwamba hii pia ni khatari. Mwalimu wangu alisema bei, riba, vita. Hakusema tende." Tukalala pale pale juu ya majamvi, na baada ya alfajiri tukaondoka: Bi Zuwena mbele na mie, Odhiambo nyuma na makanda manne yamemlalia.

Saa tatu kasoro tukaingia. Wakurugenzi wamekaa mezani, wazee saba na kanzu zao, mwenyekiti katikati. Mwenyekiti naye mtu wa kwetu, Kiswahili chake kimenyooka. Ripoti iko mbele yake, kalamu mkononi. Mie nimebeba kanda kichwani, Odhiambo shati lile lile la asali. Wale wazee walifikiri tumevamiwa.

"Asalaam aleikum," akasema Bi Zuwena. "Mie ndiye yule aliyetoroka."

Bwana Odhiambo akajinyoosha kwa taabu, mgongo umekauka. "Mwenyekiti, ile orodha ya nyumba zilizoachwa ni makosa. Makosa yangu. Hao watu hawajaenda popote. Wako shamba kwa msimu wa tende."

"Na langu," mie nikadakia. "Saini ni yangu, sheikh."

"Seif," mwenyekiti akaniuliza, "ulijua unachokisaini?"

"Nilijua, sheikh. Jina langu."

Hakucheka. Akamgeukia Bi Zuwena. "Lakini deni lipo, bibi?"

"Lipo. Sijalikataa hata siku moja. Miezi mitatu, na nimeifuata kwa miguu yangu. Tende hizi mfano tu, nyingine ziko Rustaki zinakauka, na mnunuzi anakuja wiki hii. Niachieni mpaka kaidhi imalizike, nitalipa miezi yote mitatu na wa nne juu yake. Mkiiuza nyumba yangu, nitarudi wapi na wajukuu?"

Mwenyekiti akamuuliza Odhiambo, "Tukimngoja, kampuni inapata hasara?"

"Hapana, mwenyekiti. Hasara ni tukiiuza nyumba yake. Tunalipa benki yote, tunauza nyumba kwa bei ya chini, na tunampoteza mtu anayelipa. Na wale wengine kwenye orodha ni hivyo hivyo. Ripoti ingesema tumekufa, na sisi ni wazima."

Mwenyekiti akachukua kalamu. Akaukata mstari wa Bi Zuwena mbele yetu sote, taratibu, khalafu akaukata ukurasa mzima kutoka juu mpaka chini. Mie nikateremsha kanda kwa haraka, na tende zikamwagika mpaka chini ya meza. Wazee wakaanza kuokota na kula.

"Hebu lakini," mwenyekiti akasema, mdomo umejaa, "Bwana Odhiambo, mlijuaje kwamba nyumba imehamwa? Mlitumia kipimo gani?"

"Mlango umefungwa, mwenyekiti. Mita imesimama. Kiyoyozi kimya, vumbi getini, na hodi haijibiwi."

Wazee wakaacha kutafuna. Wakatazamana.

Bi Zuwena akaweka mikono kiunoni. "Sheikh mwenyekiti, kwako hapa Maskati hivi sasa yumo nani?"

"Hamna mtu," akasema mwenyekiti. "Tuko Samail. Mie nimekuja asubuhi hii kwa ajili ya mkutano."

"Na wewe, sheikh?"

"Nizwa."

"Na wewe?"

"Rustaki, bibi. Jirani yako, ng'ambo ya falaji."

Akazunguka meza nzima, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtu nyumbani. "Na meneja wenu yuko wapi?" akauliza.

"Nakhal," mie nikasema. "Tende."

Bi Zuwena akapiga makofi, akamgeukia Odhiambo: "Chukua kalamu, baba, andika: kampuni yote imetoroka!"